Ludoviko, Ludovick, Louis, Aloyce: jina moja au manne?

Swali: "Babu yetu mzaa baba aliitwa Ludoviko. Cheti chake cha ubatizo kinasema Ludovicus, karatasi zake za kazini zinasema Ludovick, na nyumbani alikuwa Ludo tu. Tunatarajia mtoto wa kiume na tungependa arithi jina la babu. Shemeji yangu anasema maana yake ni 'mchezaji', kwa kuwa ludo kwa Kilatini ni mchezo. Katekista wetu anasema Ludoviko ndiyo Aloyce, kwa hiyo somo wake, yaani mtakatifu wa jina lake, ni wa mwezi wa Juni. Maana halisi ni ipi, limetoka wapi, na tuliandikeje kwenye cheti cha kuzaliwa?"

Jibu: Shemeji amepotea. Katekista yuko karibu sana na ukweli, ila hilo la somo halilazimiki. Tuanze na maana.

Ludoviko si neno la Kilatini. Kilatini kimelivisha mkia wa -us tu. Chini ya vazi hilo kuna jina la Kigermanik, yaani la ile lugha kongwe iliyozaa Kijerumani cha leo, Kiingereza, Kiholanzi na lugha za Skandinavia. Lina vipande viwili, hlud na wig. Hlud ni kinachosikika, chenye sauti kubwa. Wajerumani mpaka leo wanasema laut, Waholanzi luid, Waingereza loud, kwa maana hiyohiyo. Kwa binadamu, kusikika ni kuvuma, habari zako kufika mbali kabla yako. Wig ni vita, mapambano. Ukiviweka pamoja unapata kitu kama "aliyevuma vitani".

Nasema "kitu kama" kwa makusudi. Sisi tumezoea majina ya Kiarabu ambayo ni fungu la maneno lenye mpangilio: Abdulrahman ni mtumwa wa Mwingi wa rehema, na ukigeuza mpangilio umeharibu kila kitu. Majina ya Kigermanik hayakujengwa hivyo. Palikuwa na akiba ya vipande, kama vile sifa, vita, jeshi, mbwa mwitu, mng'aro, mkuki, ulinzi, na familia ilichota viwili ikaviunga, mara nyingi kimoja kikitoka kwenye jina la baba au babu, bila kujali sana kama vikikaa pamoja vinaleta maana. Tazama jina la kike Hedwig: hadu ni vita, na wig ni vita vilevile. Vita-vita! Hakuna mzazi aliyekaa akakusudia hivyo. Kwa hiyo mkiulizwa maana ya Ludoviko, semeni limeundwa kwa maneno mawili, sifa na vita, mwishie hapo. Zile orodha za majina zinazoongeza "shujaa mwenye hekima na moyo wa huruma" zinanogesha tu.

Kipande cha kwanza kina ukoo mpana, tena baadhi ya ndugu zake mnakaa nao jumuiya moja. Hlud imetoka kwenye mzizi wa kale wenye maana ya kusikia. Mzizi huo ulipoingia Kigermanik ulianza kwa h, ulipoingia Kigiriki ulibaki na k, na ulipoingia lugha za Kislavoni kama Kipolandi ukawa na s. Si bahati nasibu. Ni mfumo, kama Mmvita anavyosema mato pale Muunguja anaposema macho, na nti pale mwenzake anaposema nchi. Kwa Wagiriki mzizi huo ulizaa kleos, sifa, na humo ndimo alimotoka Kleopatra, "sifa ya baba", na Kleopa wa Luka 24, ambaye jina lake ni kifupisho cha umbo la kiume la hilohilo. Kwa Waslavoni ulizaa slava, utukufu, na humo ndimo alimotoka Stanislaus, ambaye Tanzania tunamwandika Stanslaus. Ludovick, Cleopa na Stanslaus wakikaa benchi moja kanisani, ni watu watatu wanaobeba neno moja lililopita njia tatu.

Wig nayo ina binamu Kilatini: kitenzi vincere, kushinda, kilichotupa Viktor na Vinsenti. Binamu, si mzazi. Msije mkaambiwa kwamba -vick ni kifupi cha Victor.

Sasa la shemeji. Kweli, ludo kwa Kilatini ni "ninacheza", na ule mchezo wa dadu na vijumba vya rangi nne umepata jina humo. Lakini herufi kufanana si undugu. Kwa mtindo huohuo mtu angeweza kuchukua vicus, ambalo kwa Kilatini ni kijiji au mtaa, akatangaza kwamba Ludovicus ni "kijiji cha michezo". Kinachomkata shemeji kauli ni maandishi ya zamani zaidi ya jina lenyewe: hayaanzi na L. Yanaanza na Ch au H, na hakuna neno la Kilatini la mchezo linaloanza hivyo.

H hiyo ndiyo ufunguo wa historia yote. Mwanzoni haikuwa h nyepesi ya "hapa". Ilikwaruza kooni, kama kh ya mtu anayesema kheri na khabari. Waandishi wa Kilatini walipoisikia kwa Wafranki, watu wa Kigermanik walioitawala nchi ambayo leo ni Ufaransa, waliiandika Ch. Ndiyo maana mfalme wa Wafranki aliyezaliwa karibu na mwaka 466 na kufa mwaka 511, yule aliyebatizwa na askofu Remigius mjini Reims, anaandikwa Chlodovechus katika historia za kale. Wafaransa walilikata jina hilo likawa Clovis. C ya Clovis ni kumbukumbu ya ule mkwaruzo. Baadaye koo zililegea: kh ikawa h, kama kheri ilivyokuwa heri, kisha mbele ya l ikatoweka kabisa. Hludwig ikawa Ludwig. Clovis na Ludwig ni jina moja. La kwanza lilinaswa kabla h haijafa, la pili baada ya mazishi.

Ukoo wa Clovis unaonyesha ule uchotaji wa vipande. Wanawe wawili waliitwa Chlodomer na Chlothar, wote wakibeba kipande cha kwanza cha baba. Chlothar ni sifa pamoja na jeshi, na ndiyo Lothar ya Wajerumani.

Ukoo huo uliangushwa mwaka 751, na hapo jina lingeweza kufa nao. Aliyeliokoa ni mtu ambaye baba yake ndiye aliyeuangusha: Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki. Mwaka 778 mkewe alijifungua mapacha wa kiume, naye akawaita Ludwig na Lothar, majina ambayo hayakuwa ya ukoo wake hata kidogo. Yalikuwa ya wafalme wa ukoo ule wa zamani. Hiyo ilikuwa siasa tupu: watoto walivikwa majina ya nasaba iliyopinduliwa ili watawala wapya waonekane warithi halali. Lothar alikufa mchanga. Ludwig akawa kaisari kuanzia mwaka 814 hadi 840, na kwenye sarafu zake jina linasomeka HLVDOVVICVS, H ikiwa bado imekaa mlangoni, V ikifanya kazi ya u na v, na V mbili zikisimama badala ya w.

Mwaka 842 jina linaonekana likigawanyika mbele ya macho yetu. Wana wawili wa kaisari huyo, Ludwig na Karolo, waliapiana mjini Strasbourg dhidi ya kaka yao Lothar. Kila mmoja aliapa kwa lugha ya wanajeshi wa mwenzake ili waelewe, na maneno yao yalihifadhiwa kwa lugha zote mbili. Katika lugha iliyokuja kuwa Kifaransa jina ni Lodhuvigs. Katika Kijerumani ni Ludhuwig. Upande mmoja sauti za katikati na za mwisho ziliendelea kumomonyoka: d ikayeyuka, g ikayeyuka, ikabaki Loois, kisha Louis, ambayo leo Mfaransa anaitamka "Lwi" bila s. Upande wa pili konsonanti zilishikilia, ikawa Ludwig. Hata hivyo mkono wa mwandishi huchelewa kufuata ulimi. Shairi la Kijerumani lililotungwa baada ya ushindi wa Saucourt wa mwaka 881 bado linamwita mfalme wake Hluduig, kama vile wapo wetu wanaoandika khabari hali wanatamka habari.

Ufaransa ililigeuza Louis kuwa jina la kazi ya ufalme. Hesabu yao inaanzia kwa yule kaisari wa 814 na kuishia kwa Louis XVIII aliyefariki 1824. Clovis hawamhesabu, ingawa kwa haki ya lugha ndiye angekuwa wa kwanza. Kuanzia 1610 hadi 1792 walitawala Louis wanne mfululizo, wa XIII hadi wa XVI, miaka 182 bila jina jingine kwenye kiti. Ndiyo sababu ramani imejaa alama zao. Louisiana ilipewa jina la Louis XIV mwaka 1682. Port Louis ya Morisi, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, ni ya Louis XV. Mji wa St. Louis kule Marekani, ulioanzishwa mwaka 1764, ni wa mkubwa wao aliye mtakatifu, Louis IX, ambaye tutamrudia.

Kwa Wajerumani jina liliota mizizi zaidi Bavaria. Ludwig I wa Bavaria alizaliwa 25 Agosti 1786, siku ya Mtakatifu Ludoviko, na msimamizi wake wa ubatizo alikuwa Louis XVI wa Ufaransa. Ile sherehe ya bia ya Oktoberfest ilianza na harusi yake ya tarehe 12 Oktoba 1810. Mjukuu wake naye alizaliwa 25 Agosti, mwaka 1845, basi babu akashikilia aitwe Ludwig. Ndiye aliyejenga kasri la Neuschwanstein. Matamshi ya Kijerumani yanawachanganya wengi: d inakazwa kuwa t, w ni v, na g ya mwisho ni h nyembamba inayokaribia sh. "Luutvihi", mkazo mwanzoni. Hiyo v ndiyo v ya Ludoviko.

Jina lilitufikiaje Afrika Mashariki? Mmoja wa kwanza kulileta hakuwa Mkatoliki: Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kiprotestanti aliyefika Mombasa mwaka 1844, akaandika sarufi ya Kiswahili na kamusi kubwa iliyochapwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Ujerumani alikuwa Ludwig. Kitabu chake cha safari kilipochapwa London mwaka 1860, jalada lilimwita J. Lewis Krapf. Hakubadili jina, alilitafsiri, kama ilivyokuwa kawaida wakati huo.

Lakini Ludoviko ya babu yenu haikutoka kwa Krapf. Ilitoka kwenye daftari la ubatizo. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliohamia Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa Wafaransa kwa wingi. Wabenediktini waliofika Pugu mwaka 1888 walikuwa Wajerumani. Mfaransa angemwita mtoto Louis na Mjerumani angemwita Ludwig, ila daftari lilikuwa la Kilatini, na kwa Kilatini wote wawili waliandika Ludovicus. Kutoka hapo Kiswahili kilifanya kile kinachofanya siku zote kwa -us ya kanisa: Paulus akawa Paulo, Marcus akawa Marko, Franciscus akawa Fransisko, na Ludovicus akawa Ludoviko. Ndiyo maana bara limejaa akina Ludoviko, na Louis huwapata zaidi upande ambako Kifaransa kilikuwa lugha ya ofisi. Burundi inaonyesha yote mawili kwa mtu mmoja: shujaa wa uhuru wao, aliyeuawa 13 Oktoba 1961, anaandikwa Louis Rwagasore kwa Kifaransa na kuitwa Ludoviko Rwagasore kwa Kirundi.

Ludovick yenye ck ni tahajia ya Kiingereza iliyopandishwa juu ya shina la Kilatini, kwa mazoea ya Patrick na Fredrick. Si kosa, imeshakuwa ya kwetu. Aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania, Ludovick Utouh, anaiandika hivyo.

Na Aloyce? Mzizi wake ni Mtakatifu Aloisi Gonzaga, Mwitaliano aliyezaliwa 9 Machi 1568, akaacha urithi wa enzi ya baba yake, akaingia Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, na kufa Roma tarehe 21 Juni 1591 baada ya kuambukizwa tauni akihudumia wagonjwa. Kwao aliitwa Luigi, na Luigi ndiyo Louis ya Kiitaliano. Kilatini chake kilikuwa Aloysius, umbo lililotokana na Aloys, sura ya jina hilihili kusini mwa Ufaransa. Wapo wanaosema Aloysius ni jina jingine kabisa la Kigermanik, Alawis, "mwenye hekima yote". Linaweza kuwa kweli kwa baadhi ya akina Aloys wa kale wa Ujerumani, lakini kwa Gonzaga haliwezi, kwa sababu jina lake la nyumbani linajulikana. Na karibu kila Aloyce wa Tanzania, Aloys wa Rwanda na Alois wa Austria amelipata kwake, kupitia shule za Wajesuiti na kupitia cheo alichopewa mwaka 1729 cha kuwa msimamizi wa vijana. Alitangazwa mtakatifu 31 Desemba 1726, siku moja na Stanislaus Kostka, Mjesuiti kijana mwenzake. Yaani siku ileile Aloyce na Stanslaus waliingia kalenda pamoja, kila mmoja akiwa na hlud au slava yake.

Kwa hiyo katekista amesema kweli kwamba Ludoviko na Aloyce ni shina moja. Ila katika matumizi yamekuwa majina mawili, kila moja na somo wake. Kalenda ya Kanisa inawataja Ludoviko kadhaa, na wazazi wanachagua. Mtakatifu Ludoviko mfalme, yaani Louis IX, ni 25 Agosti. Alizaliwa 1214, akatawala kuanzia 1226, akajenga kanisa la Sainte-Chapelle mjini Paris, akafa mbele ya Tunis 25 Agosti 1270, akatangazwa mtakatifu 1297. Mjue pia kwamba kifo chake kilitokea akiwa kwenye vita vya msalaba, na kwamba katika utawala wake nakala za Talmudi, maandiko ya mafundisho ya Kiyahudi, zilichomwa moto Paris. Kuna familia ambazo hilo linawasumbua, hasa zenye ndugu wa dini mchanganyiko. Ludoviko wa Toulouse, askofu Mfransisko aliyekufa na miaka 23 tu, ni 19 Agosti. Ludoviko Bertrand, Mdominiko wa Hispania, ni 9 Oktoba. Ludoviko Maria Grignion wa Montfort, mhubiri wa ibada kwa Bikira Maria, ni 28 Aprili, na kwa familia yenye Rozari kila jioni huyo ndiye ningemtazama kwanza. Mkipenda Gonzaga wa 21 Juni, hakuna anayewazuia, jina ni lake pia.

Wala sheria ya Kanisa ya sasa, ya mwaka 1983, haimlazimishi mtoto kuwa na jina la mtakatifu. Kanuni ya 855 inataka tu lisiwe jina lisiloendana na mwelekeo wa Kikristo. Sharti la kuongeza jina la mtakatifu lilikuwa la kanuni za 1917, na wazee wengi bado wanaishi nalo kichwani. Angalieni tu somo mliyemchagua mmwambie paroko kabla ya ubatizo, maana asipoambiwa huandika yule anayemjua yeye.

Kabla ya karatasi, yapo majina matatu yanayozua utata. Loisi wa waraka wa pili kwa Timotheo ni bibi yake Timotheo, jina la kike la Kigiriki. Halihusiani na Louis hata kama kwa masikio ni pacha. Lewis kwa kawaida ni Louis ya Kiingereza, ila Wales ilitumika kulifunika jina lao la kienyeji Llywelyn, kwa hiyo Lewis wa Wales anaweza asiwe jamaa yenu. Na Rudolf: huyu ni hrod na wulf, sifa na mbwa mwitu. Kipande cha kwanza kina maana karibu sawa na hlud lakini ni neno jingine, lile la Robert na Roland. Nalitaja kwa sababu ya vitendo. Mahali ambapo r na l hubadilishana mdomoni, babu Ludoviko hutamkwa Rudoviko, na karani asiyelijua jina hulisahihisha kwa nguvu kuwa Rudolf. Mkikuta karatasi moja ya babu ina Rudolf na nyingine Ludovick, anzeni kushuku hapo kabla ya kudhani ni watu wawili.

Daftari la Kilatini lina mtego mwingine. Mkia wa jina hubadilika kufuatana na kazi yake kwenye sentensi. Anayebatizwa huandikwa Ludovicum, kwa kuwa ni yambwa: baptizavi Ludovicum, nimembatiza Ludoviko. Baba wa mtoto huandikwa Ludovici: filius Ludovici, mwana wa Ludoviko. Pakiwa na kihusishi linaweza kuwa Ludovico. Ni mtu yuleyule. Wajukuu wanaochimba nasaba hukuta Ludovici kwenye mstari wa mzazi wakadhani ni jina la ukoo, au kwamba babu alikuwa na kaka. Umbo la kunakili kwenye karatasi za leo ni la -us, au mliloligeuza kwa Kiswahili.

Anayedhani mikanganyiko hii ni ya Afrika peke yake amtazame Beethoven. Alibatizwa Bonn 17 Desemba 1770, daftarini Ludovicus, nyumbani Ludwig kwa heshima ya babu yake, na alipochapisha kwa Kifaransa akawa Louis. Wazazi wake walikuwa wamemzika mwaka mmoja kabla mtoto mwingine, Ludwig Maria, aliyeishi siku chache. Mwaka 1810 mwanamuziki huyo aliomba nakala ya cheti chake cha ubatizo na kuonya wasimchanganye na marehemu kaka yake; alipoletewa cheti sahihi, hakukiamini, akaendelea kuamini kwamba yeye ni mdogo kuliko kilivyosema. Ikiwa nyumbani kwenu kuna marehemu mwenye jina hilihili, ongezeni jina la pili la kuwatofautisha tangu siku ya kwanza.

Tahajia. Kwa sikio na jicho la Kiswahili, bora ni Ludoviko: hutamkwa kama ilivyoandikwa na kila mwalimu wa darasa la kwanza ataipatia. Ludovick inakubalika na ina faida ya kufanana na karatasi za kazini za babu, ila ina hatari tatu za kukosewa mwishoni, yaani Ludovic, Ludovik na Ludoviki. Louis nisingewashauri mkiwa Tanzania, kwa sababu ataitwa Luisi shuleni, Lui na wajomba waliosoma, na Lewis kwenye orodha ya hospitali. Lolote mtakalochagua, liandikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi na mpelekee anayejaza tangazo la kizazi, msimtamkie tu. Kisha lisomeni cheti kabla hamjaondoka dirishani. Kutoka hapo jina linatembea lenyewe kwenda kadi ya kliniki, shule, mitihani ya taifa na NIDA ya vitambulisho, na herufi moja iliyopotea huja kudaiwa mtoto akiwa na miaka 18, kwa viapo vya wakili na safari za RITA, wanakosajili vizazi. Cheti cha ubatizo si lazima kifanane herufi kwa herufi na cha serikali, lakini mkiweza kumwomba paroko aandike umbo lilelile, mtoto atashukuru siku atakapofunga ndoa. Ludo libaki la nyumbani.

Na mkijaliwa wa kike, jina la babu bado linapita. Ludovika na Aloisia yapo, ila Luiza ndilo lililozoeleka, na lina somo wake mwenyewe: Luiza de Marillac, aliyefariki 15 Machi 1660, ambaye mwaka 1633 alianzisha shirika la Mabinti wa Upendo pamoja na Vinsenti wa Paulo, yule ambaye jina lake ni binamu wa wig.